Mkono wa Merikani

Asumini anakariri, mtihani ni Jumatatu,
mgongo kauegemeza kwenye majora yangu:
"Massachusetts, jimbo la kaskazini ya Marekani,
liliukataa utumwa mapema, mahakamani,
miaka themanini kabla ya kusini kulazimishwa."
Anafumba macho. Anarudia.
Mimi nina sanda ya kukata kabla ya adhuhuri,
marehemu wa Mitengo, mrefu kuliko jeneza la msikiti.

Kiwiko hadi ncha ya kidole: mkono mmoja.
Futi ya chuma ipo, imetundikwa, inaota kutu;
maiti wa Mikindani nawapima kwa mwili wangu.
Mkono wa pili. Wa tatu.
Nguo hii, namuuliza, kitabu chako kinaiitaje?
"Si merikani tu, shangazi?"
Anacheka. Kisha hacheki.

Ndiyo. Jina limejishitaki lenyewe.
Pamba ilichumwa kusini kwao, chini ya mjeledi,
ikapanda kaskazini, kwenye vinu vya mtoni,
kwa wasichana waliolipwa mshahara wao,
ikafumwa, ikapigwa mhuri wa buluu,
ikapakiwa Salem, mji wenye jina karibu na salama,
ikashuka Unguja, ikafika huku kwetu
imekunjwa vizuri, haina tone la damu.

Na huku ikapimwa kama ninavyopima.
Mtu mzima, mikono kadhaa. Mtoto, pungufu.
Abiti Nampunju, mama wa bibi yangu,
aliyetolewa ng'ambo ya Ruvuma,
alisimama juani mkono wa mtu ukimhesabia:
kiwiko, kidole, kiwiko, kidole.
Bei yake hakuitaja mpaka anakufa.
Alisema tu nguo ilinuka wanga,
na kwamba mnunuzi alikuwa na mkono mfupi.
"Aliyeniuza alipunjwa,"
na hapo, kila mara, ndipo alipocheka.

Wakampeleka bara ya Lindi kuchimba sandarusi.
Ardhi nyekundu, jembe fupi, shimo la kina cha kiuno.
Utomvu wa miti iliyokufa kabla ya watu kuzaliwa,
ngozi yake vipele kama ya bata aliyenyonyolewa.
Siku moja aliinua bonge juani
akaona mchwa ndani, mzima, mabawa wazi,
njia imefungwa pande zote na mwanga.
Msimamizi akampokonya.

Nalo likasafiri. Lilikwenda kule kule,
likaoshwa, likayeyushwa, likawa vanishi
ya makabati, ya vinanda, ya mimbari,
labda na ya ile meza walipoinamia watu wema
kutia sahihi dhidi ya utumwa wa kusini.
Sisemi walikuwa waongo.
Nasema meza iling'aa.

"Sasa niandike nini?" Asumini, kalamu mdomoni.
Andika ya kitabu, upate alama zako.
"Lakini si ya kweli?"
Ni ya kweli. Ni fupi tu,
kama mkono wa yule mnunuzi.

Alipofiwa na bwana wake hakuimba, hakupiga vigelegele.
Alichukua shuka lake jeupe, vazi la wasio na jina,
akalitia kwenye chungu cha nili, akalichemsha,
akaanika, akarudisha chunguni, siku tatu,
hadi likawa kaniki, nyeusi ya kung'aa,
na vidole vyake vikabaki vya buluu
hadi mwezi uliofuata. Watu waliudhika.
Alikuwa akiwaamkia kwa kiganja wazi.

Mkasi unaanza, kisha mikono inamalizia:
merikani ikishapata njia huchanika yenyewe,
kwa sauti ambayo Asumini haipendi.
Sanda haipindwi. Haina mfuko wala kifungo.
Nakunja, nafunga kwa ukanda wa kitambaa kile kile.
Mtoto wa marehemu yupo mlangoni, kashika pesa,
anauliza ni mikono mingapi.
Namtajia. Ile shubiri niliyoongeza mwisho
sikuihesabu.