Vua Vyuma Kabla ya Kuingia

Mara ya kwanza Saimi alikuwa na miaka kumi.
Juu ya sinia langu aliweka saa ya plastiki,
sarafu mbili, na kibanio cha nywele chenye ndege mwekundu.
Akauliza kama sumaku itamnyonya ndoto.
Nikamwambia hapana, inapiga picha tu,
ila kelele zake ni za fundi bomba aliyenuna.
Akacheka ndani ya tundu. Picha ikaharibika. Tukarudia.

Mimi ni Pirkko. Napiga picha za bongo za watu
hapa Oulu, orofa ya chini, pasipo dirisha.
Januari jua huchungulia saa nne, saa nane limeaga.
Watafiti wako juu na hesabu zao;
kazi yangu ni kusema: tulia, mwanangu, tulia.

Ila miaka mingi ya kutazama nayo ni shule.
Mtoto huja na msitu kichwani,
vijia elfu na elfu, vyote vyembamba,
kila kimoja kikidhani ndicho barabara.
Kisha damu hupokea agizo lisilo na sahihi
na ubongo huanza kupepeta.
Watu husema msichana amevunja ungo.
Kwa nionavyo mimi, hapo ndipo anapoushika:
hurusha, hupokea, hurusha,
kinachotumika kinabaki, kisichoguswa kinapeperuka,
na njia zilizosalia huvishwa mafuta meupe
habari ipite mbio.
Nyuma ya kipaji cha uso, pale panaposema "ngoja",
ndipo panapovishwa mwisho.

Mwaka wa kumi na tatu hatuna.
Alikuwa na nyaya za meno; chuma hutia picha kiwi.
Faili lina neno moja: *hakupigwa*.

Mwaka huo wazazi waligawana vikombe na siku za juma.
Alirefuka sentimita tisa.
Damu ya kwanza ilimjia ndani ya basi la shule.
Alimpenda Eevert kwa siku kumi na moja.
Na Aprili, wenzake wakihesabu hatua kwa sauti,
alitembea juu ya mto ambao barafu yake ilikwishaanza kuoza.
Ililia chini yake. Akazama mguu hadi goti.
Alicheka njia nzima hadi nyumbani,
akatetemeka usiku, peke yake.

Sasa ana kumi na tano, amerudi.
Kwanza mchezo wa puto: kila ukijaza, pesa zinaongezeka;
likipasuka, huna kitu.
Hilppa, rafiki yake, anatazama nyuma ya kioo.
Saimi anapasua la kwanza. La pili. La tatu, kwa mbwembwe.
La nne anajaza, anajaza, anaondoa kidole.
Mbona umeacha?
"Lilianza kulia."
Kompyuta haina sauti.

Usiku niliitafuta Aprili kwenye picha.
Haipo. Kuna kijivu kilichopungua kidogo,
kama inavyotarajiwa kwa umri wake.

Alipokuwa akivaa nilifungua droo
nikaweka sinianì kibanio alichokisahau zamani,
kando ya hereni tatu, ufunguo, na kiberiti cha gesi.
Alimtazama yule ndege kwa muda
kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.
Akaokota hereni. Akaokota ufunguo. Akaaga.
Mlangoni akageuka, akarudi, akamchukua ndege.

Kiberiti kilibaki.
Sikumwita.