Pua kwa Pua

Tulitoka Mwanza saa moja, lami haijapata joto:
mimi, dereva Luhende, na mgeni wetu Mereana,
Mmaori, mnyoa kondoo,
wa visiwa ambavyo kwenye ramani yangu ya ukutani
vimezibwa na msumari.

Ratiba ilisema: ngoma, chakula, kurudi.
Haikutaja kondoo wa mama Nkwimba, pale Kisesa.

Mereana aliwaona, akaruka ua wa minyaa.
Akapapasa mgongo wa dume, akatafuta sufu,
akakuta vinywele vifupi kama vya mbuzi.
"Huyu nani kamnyoa?"
Nikatafsiri. Mama Nkwimba akacheka, khanga ikamporomoka:
"Mungu. Kwa jua hili, koti la nini?"

Ngoma zikaanza. Vijana wakarusha majembe juu,
wakayadaka bila kuyatazama.
Mereana hakupiga picha.
Alijipiga mapaja, akatoa macho,
akajibu kwa sauti iliyotoka tumboni,
na mimi mkalimani nikakosa kazi.
Ng'ombe wakaacha kucheua.

Wakati wa kuagana akainama,
paji kwa paji, pua kwa pua na mama,
wakavuta pumzi moja.

Mama akanivuta kando: "Amenusa nini?"
Nikabahatisha: moshi, maziwa, wewe.
"Haya. Mwambie
naye ananuka zizi."

Nilimwambia tukiwa Igoma.
Akanusa viganja vyake, kimoja, kingine,
hakusema neno
mpaka ziwa likaonekana.