Mafuta ya Alhamisi

Kila Alhamisi, mkahawa wa chipsi ukishafungwa,
Heledd hupita mlango wa nyuma na madumu manne.
Bwana Emrys humwekea kando ya mapipa
mafuta meusi, mazito, yaliyokwisha kazi:
yamekaanga samaki wa wiki nzima
na viazi vya watoto waliotoka shule wakichuruzika maji.
Hadai hela. Anadai bakuli moja kwa mwaka,
lisilovuja.

Mji wao, huko Wales, ni wa mawe ya kuezekea.
Vilima vinavyouzunguka si vilima,
ni makapi ya machimbo:
babu zake walipasua mia, wakachagua kumi.
Amekua akitazama kilichokataliwa.
Labda ndiyo sababu.

Huyachuja kwa mguu wa suruali kuukuu.
Makombo ni ya shakwe.
Mafuta baridi hayawaki, yana kiburi
cha mtu aliyeamshwa kabla ya alfajiri.
Hubembelezwa: kwanza vipande vya makasha yaliyovunjika,
kisha tone,
tone,
kisha pumzi ya feni aliyoing'oa
kwenye kifyonza vumbi kilichokufa.

Ndipo tanuri linanguruma.

Mara ya kwanza lilitapika masizi.
Jirani yake, Gwenllian, alikuja na mashuka mikononi,
yote madoadoa, akasimama tu.
Heledd aliyafua, akayapiga pasi, akayarudisha,
akajifunza kuupa moto hewa.
Mara ya pili vikombe thelathini vilipasuka.
Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wahenga;
yeye alikula chipsi gaeni
miezi minne,
na siki ikapenya kwenye nyufa.

Leo ndani mna weupe usiotazamika.
Juu ya bomba hakuna moshi, hewa inatetemeka tu,
na harufu ya kukaanga inateremka mtaani
hadi watoto wawili wanagonga lango:
mmefungua?

Siku mbili za kupoa. Hagusi tofali.
Siku ya tatu anampelekea Emrys bakuli la kijani,
ukingoni lina alama nyekundu
ambayo hakuipaka yeye, moto ndio ulioilamba.

Emrys hakusifu.
Alilijaza maji, akaliweka juu ya gazeti,
akazima taa, akaenda kulala.
Usiku kucha mvua ilipiga paa.
Asubuhi aliliinua bakuli
akapitisha kiganja juu ya gazeti, polepole.

Kavu.