Neno Dogo

Miaka kumi na minane sijaimaliza sala ile.
Naianza na wenzangu, katika kanisa la mawe meusi
pale juu, Gyumri, pumzi zikitutoka mithili ya moshi wa tanuri:
baba, mbingu, mapenzi, mkate,
vyote navitamka, siachi silabi.
Deni zetu naomba zifutwe, tena kwa sauti.
Kisha linakuja neno dogo, kama,
na koo langu linajifunga kwa komeo.
Hata sokoni nalikwepa. Nasema mithili, nasema mfano wa.

Nyuma ya neno lile yupo Garegin.

Garegin aliyejenga shule.
Garegin aliyepunguza saruji, akazidisha mchanga,
mifuko mia mbili ikauzwa usiku kwa bei ya mlango wa nyuma.
Ardhi ilipojinyoosha, dakika haikutimia,
ghorofa tatu zikalaliana, mikate juu ya meza ya muuzaji.
Mwanangu Tsolak alikuwa darasa la pili.
Nilimtambua kwa soksi. Nilizifuma mwenyewe,
moja niliikosea kisigino.

Bwana alisimulia habari za aliyejenga juu ya mchanga.
Hakusema lolote juu ya watoto waliokuwa ndani.
Nilimuuliza Padri Mesrop. Ni mtu mkweli: hakujibu.
Alinipa tu ile hesabu, saba mara sabini.
Nikarudi nyumbani, nikatafuta chaki.
Nyuma ya mlango wa ghala nikapiga mstari
kila asubuhi niliyoweza kusema, leo simwombei afe.
Kosa lake ni moja, nilimwambia Mungu,
hii mia nne na tisini ya nini?
Mstari wa arobaini na tatu ndio ulionijibu:
kosa ni moja, lakini huamka kabla yangu,
hukaa ukingoni mwa kitanda
likinitazama nikivaa.

Garegin alifungwa, akatoka, mvi tupu.
Hukaa benchi la mwisho,
mahali pa mtu atakaye kuondoka kabla hajatazamwa.
Jumapili ya kuelekea Kwaresima, theluji iliwazuia watu;
tulikuwa tisa.
Ndipo nikamsikia.
Alisali baba, mbingu, mkate,
ila pale pa kuomba deni zifutwe, akanyamaza.
Halafu akaingia tena, kwenye neno lile lile,
sauti ikimpasuka, kuni mbichi motoni,
akasema sehemu yangu.
Mimi nasema utusamehe. Yeye hathubutu.
Yeye anasema tunasamehe. Mimi siwezi.
Sala moja, wachukuzi wawili,
kila mmoja ameshika ncha yake ya jeneza.

Sitadanganya. Sikumkumbatia,
wala sikumwita kwangu kunywa supu.
Nilipotoka nilimkuta ngazini akizoa theluji
kwa sepetu ya kanisa, vidole wazi, vimebadilika rangi.
Nilisimama. Akasimama.

Nikamkumbuka yule aliyeinama, akaandika chini kwa kidole,
wenye mawe wakimzunguka.
Hatukuambiwa aliandika nini.
Siku zote nilidhani ni majina, na la Garegin la kwanza.
Pale ngazini nikawaza: labda hayakuwa maneno.
Labda alikuwa anawapa muda,
muda wa mkono kuchoka.

Mkono wangu umechoka, Bwana.
Jiwe bado limo.
Uzito wake naujua leo kuliko uzito wa Tsolak nilipompakata,
na hilo ndilo linalonitia hofu.

Nilivua glavu. Moja, ya kulia.
Nikaiacha juu ya ukuta wa ngazi, nikashuka,
mkono mfukoni, bila kugeuka.
Sijui aliivaa. Sijauliza.

Usiku nilikanda unga. Chaki sikuigusa;
unyevu ulikwisha kufuta nusu ya mistari,
na ile iliyobaki haisomeki ni ya mwaka gani.
Unga ukiwa umenifika viwikoni,
peke yangu, bila mshumaa, bila padri,
nilisema: kama.

Paka akainua kichwa.
Nikangoja kilichosalia cha sentensi.
Kilikuwa bado njiani.