Ukurasa wa Mia na Tisa

Kabati la vitabu la usharika lina mlango mmoja,
wa pili uligeuzwa meza ya Shule ya Jumapili.
Ufunguo anao Bi Tupokigwe, kaufunga pembeni mwa kitenge,
na kila kitabu anachotoa hukifuta kwa kiganja
kama anamfuta mtoto makamasi:
"Kirudi kabla ya Matawi. Na usikisomee jikoni."

Nimekisomea jikoni.
Vyote nimevisomea jikoni, mwaka wa tisa huu,
ndizi zikitokota, taa ya sola ikikonyeza,
mvua ya Tukuyu ikitwanga bati
hadi nasoma kwa sauti ili nijisikie.

Nazijua hizi riwaya.
Mlevi huokoka sura ya kumi na moja.
Binti aliyefukuzwa hurudi na mume mpole, mara nyingi daktari.
Watu hufunga siku tatu, ndipo mvua ikanyesha;
hapo hucheka peke yangu.
Mwandishi, mama, njoo Rungwe.
Huku mvua haingoji kuombwa.
Humnyeshea mzee wa kanisa na mwizi wa ndizi,
na kaptula za shule nilizoanika tangu Jumanne.

Gwamaka wa kituo cha chai hunicheka:
"Mwisho unaujua, sasa unasoma nini?"
Na njia ya Mwakaleli naijua inakoishia,
bado nateleza.

Kutwa napima majani mabichi.
Kilo kumi na nne, toa moja ya maji,
mama wa watu ananitazama
kama hiyo kilo nimeitia mfukoni mwangu.
Jioni namtaka mtu mmoja tu,
hata wa karatasi,
apewe kilicho chake.

Cha mwezi huu kina mjane, shemeji na shamba.
Sura ya nane ndizi zikaungua.

Maana nami nina kaka, Ambakisye.
Aliuza migomba ya baba kule Masoko, shina kwa shina,
kaburi la baba likabaki ndani ya uzio wa mtu.
Kupalilia tunaomba ruhusa.

Ukurasa wa mia na nane mjane anapiga magoti.
Wa mia na tisa ameshasamehe.
Aya moja!
Machozi mistari miwili, kisha amani
"ikamshukia kama ukungu wa asubuhi."
Huyu ukungu hajauona.
Wa kwetu ukishuka huoni ng'ombe wako,
wala shimo ulilochimba mwenyewe.

Na pale pembeni, kwa penseli,
mwandiko mdogo uliolalia kushoto:
*Mimi bado.*

Basi. Jina hakuna, tarehe hakuna.
Nikafunua nyuma, karatasi ya waazimaji:
Lwitiko fundi cherehani,
Tusekile, yule aliyehamia Kyela,
marehemu Nsajigwa,
mmoja katia dole gumba,
na Bi Tupokigwe, mwenye ufunguo,
mara nne.

Mara nne kitabu kile kile.

Nilipokirudisha hakukifuta.
"Umekimaliza?"
"Nimefika mia na tisa."
Akauangalia ufunguo kama si wake.
"Hapo pana utelezi," akasema,
akanirudishia kitabu. Matawi hakuyataja.

Sijafuta yale maneno. Chini yake sijaandika kitu,
ingawa penseli niliichonga.

Jana usiku simu iliita kutoka Chunya,
aliko Ambakisye akichekecha mchanga wa watu.
Ikaita, ikakata. Ikaita tena.
Ya tatu nikapokea, nisiseme neno.
Naye hakusema, akapumua tu,
bati langu likimnguruma sikioni.
Kisha, polepole:
"Dada. Huko inanyesha?"

Nikafunika sufuria.
"Inanyesha."