Milimita Nne

Urmo ameileta pikipiki ya babu yake
imelazwa kwenye tela, chini ya blanketi, kama mgonjwa.
"Inatikisa kichwa," anasema. "Nikifika sitini tu
usukani unanikatalia. La, la, la."
Theluji ya Machi inadondoka kutoka paa la karakana,
hapa Võru, tone juu ya tone,
nami Maimu, mkerezaji, miaka thelathini na mmoja kwenye chuma,
namjibu: chai kwanza. Nati baadaye.

Miguu ya uma haitaki kutoka.
Naibembeleza kwa nyundo ya mbao;
inatoka ikilia, ubavuni ina mikwaruzo
ya kitu kilichosukumwa kisipotaka.
"Uliiingizaje?"
Anatazama viatu vyake.
"Kwa kabari. Na nyundo. Na shemeji yangu."

Gololi zinamwagika mezani, kumi na tisa;
moja inabingirika hadi chini ya jiko la kuni.
Iache. Itarudi siku ya kufagia.

Navilaza vibano viwili juu ya kioo.
Ukivitazama ni pacha: rangi moja ya moshi,
matundu mawili ya miguu, tundu moja la mhimili.
"Si sawa hivi?" anauliza.
Sawa, ndiyo. Sawasawa, hapana.
Cha juu kina boliti moja kila upande,
mkato mwembamba, kingo zimepigwa tupa na mtu mwenye haraka.
Cha chini kina boliti mbilimbili, kifua kinene,
chuma cha kusubu, chembechembe kama mkate mweusi.
Nachukua kalipa. Katikati ya mhimili
mpaka mstari wa miguu. Naandika kwa chaki.
Napima tena, maana kipimo cha kwanza huwa cha macho.
Cha chini kimetangulia milimita nne.
Punje mbili za mchele, ubavu kwa ubavu.

Namchorea kwa kidole kwenye vumbi la meza:
mhimili unaelekea hapa, tairi linagusa pale, nyuma kidogo.
Hapo katikati kuna mkia usioonekana.
Ukiwa mrefu, pikipiki hushika njia kama mkaidi.
Ukiwa mfupi, kichwa huwa chepesi, husikiliza kila kokoto.
"Sasa nani angetaka mkia mfupi?"
Aliyebeba mtu ubavuni.
Ukifunga kigari cha pembeni, usukani unakuwa
ng'ombe anayegoma kuvuka mto;
ndiyo maana kiwandani waliisukuma miguu mbele,
mikono ya dereva ipate kupumua.

Urmo ananyamaza. Chai yake imepoa.
"Bibi Hilja," anasema.
Alikaa pale ubavuni, kitambaa kimefungwa kidevuni,
ndoo ya maziwa mapajani.
Babu hakugeuza kichwa, aliongea na upepo,
na bibi akaujibu upepo.
Alipofariki wakauza kigari.
Babu akaendesha peke yake miaka tisa, yumba, yumba,
na watu wa Rõuge wakasema: Elmar siku hizi analewa.

Hakuwa amelewa.
Alikuwa juu ya uma wa watu wawili.

"Cha juu nilikinunua mimi," Urmo anasema,
"kile cha zamani kilikuwa na ufa."
Kwa hiyo nyundo. Kwa hiyo kabari.
Alitaka kuoanisha chuma cha mpweke na chuma cha mwenye mwenzake,
na shemeji akimshikia tochi.

Namwambia: naweza kukutafutia cha chini kilicho ndugu wa hiki cha juu.
Au nikukerezee cha juu kimfuate cha babu yako,
siku tatu, na nusu ya bei ukiniletea kuni.
"Kipi kizuri?"
Inategemea kama kwenye ubavu wa kulia kuna mtu.

Hajibu. Anahesabu gololi kwenye kifuniko cha kopo,
anafika kumi na nane, anaanza upya,
kisha anapiga magoti kwenye sakafu yenye grisi,
anaingiza mkono chini ya jiko hadi begani.
Anasema ameigusa.
Bado hajaitoa.