Kibao cha Bangwe

Kibao cha Bangwe, pale njia inapopinda,
ni mkono wangu: bati jeupe, rangi nyekundu,
NI MARUFUKU KULISHA NYANI. FAINI SH. 50,000.
Mtendaji akataka na picha, kwa wasiosoma:
nyani kanyoosha kiganja, mstari umekatiza.
Sura nilimpa ya shemeji yangu Nyabenda.
Hakuna aliyegundua, ila Nyabenda.

Sheria siipingi. Mkutanoni nilikuwepo.
Nilimwona mtoto wa Gwasa, shavu limeshonwa nyuzi sita
kwa ajili ya andazi moja.
Nyani wa mlima ule wanaijua kengele ya shule
kuliko walimu; wanajua Jumapili ni siku ya wali.
"Ukimpa leo, kesho anajipa," akasema bwana wanyamapori,
tukapiga makofi, mimi wa kwanza,
maana vibao vilikuwa sita, na malipo taslimu.

Ila shangazi Mwamvita, nyumba ya nyuma ya kibao,
kila alfajiri huweka ukoko wa ugali juu ya jiwe,
siku njema na vichwa vya migebuka.
Huja jike mmoja, mzee, mkono wa kushoto kigutu,
hula akiwa amempa mgongo,
kama mdai asiyetaka salamu.

Mgambo walifika na kitabu cha risiti.
"Mama, unalisha nyani?"
"Silishi. Nalipa."
Tanzi lile la waya, kwenye mahindi,
alilitega Bukuru, mwanawe. Bukuru yuko Kalemie
mwaka wa nne huu, simu yake haipatikani.
Faini akaitoa, noti za elfu mbili mbili zenye harufu ya dagaa,
na kesho yake jiwe halikuwa tupu.

Nikaenda kumsema. Mimi, mtoto wa kaka yake, fundi wa marufuku.
Akanishika bega, akanigeuza nikitazame kibao.
"Kusoma sijui. Lakini umemchora vizuri.
Hata mkono umeukata palepale."

Masika yamechubua rangi. Mtendaji kapiga simu:
rudia herufi, na mstari uwe mnene zaidi.
Nimekwishapokea nusu.
Kopo liko wazi mlangoni, linaota utando,
na huko mlimani nasikia wanabweka.